Mkopo wa simu unavuka mpaka, ulinzi wa mkopaji unabaki nyuma

Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimeweka sheria na kanuni mpya za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Mfanyabiashara wa mpakani anazihitaji, lakini kila moja ina mahali inapoishia.

Mfanyabiashara anayepeleka vitunguu Nairobi kupitia Namanga, au anayefuata vitenge Kampala kupitia Mutukula, kwa kawaida hubeba laini mbili za simu. Kila upande ana laini yake, pochi yake ya fedha na, mara nyingi, deni lake. Mzigo ukichelewa forodhani au mnunuzi akisema atalipa Jumatatu, mkopo wa simu ndio unaoziba pengo. Dakika tatu tu, fedha imeingia.

Kwa upande wa bidhaa, Jumuiya ya Afrika Mashariki imerahisisha mengi. Vituo vya pamoja vya forodha vinafanya kazi Namanga, Busia, Malaba, Mutukula, Rusumo na kwingineko. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya, hupita kwa utaratibu rahisi wa biashara na cheti rahisi cha asili ya bidhaa.

Kwa upande wa fedha, hali ni nyingine. Leseni ya mkopeshaji hutolewa na nchi moja. Kanuni za riba, namna ya kudai deni na ofisi ya malalamiko ni za nchi hiyohiyo. Mkopo uliochukuliwa kwa laini ya Kenya unasimamiwa na Kenya, hata kama mkopaji analala Moshi. Asiyejua hilo hupeleka malalamiko yake kwenye ofisi isiyo na mamlaka, na wiki zinapita huku riba ikiongezeka.

Habari njema ni kwamba katika miaka ya karibuni kila nchi imeongeza meno kwenye sheria zake.

Kenya: Leseni kwanza, na hakuna kuaibishana

Kenya ndiko mikopo ya simu ilikoota mizizi mapema, na ndiko vilio vya wakopaji vilikosikika mapema pia. Wakopeshaji walikuwa wakichukua majina yote yaliyo kwenye simu ya mteja, kisha akichelewa kulipa wanawapigia mama mkwe, mwajiri na wateja wake kumtangaza kuwa ni mdaiwa sugu.

Marekebisho ya Sheria ya Benki Kuu ya Kenya yaliyoanza kutumika Desemba 2021 yaliwaweka wakopeshaji wa kidijiti chini ya Benki Kuu, CBK. Kanuni zake zilitangazwa Machi 2022, na wakopeshaji wakapewa hadi Septemba mwaka huo kuomba leseni. Waliopata katika awamu ya kwanza walikuwa 10 tu. Kufikia katikati ya mwaka 2025 idadi ilikuwa imevuka 100.

Kanuni hizo zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye orodha ya namba za mkopaji ili kumwaibisha. Mkopeshaji haruhusiwi kumpeleka mteja kwenye taasisi za kumbukumbu za mikopo, CRB, kwa deni lisilofika Sh1,000 za Kenya. Deni likizidi hapo, lazima ampe taarifa ya siku 30 kabla ya kuwasilisha jina lake.

Upo pia ukomo wa riba kwa deni lililoshindikana kulipika. Riba inayoongezwa haiwezi kuzidi kiasi cha mtaji kilichokuwa kimebaki siku deni lilipohesabiwa kuwa bovu. Kwa mfano, aliyekuwa amebakiza Sh15,000 hawezi kuongezewa riba inayozidi Sh15,000 nyingine, hata miaka ikipita. Juu yake huja gharama halali za kufuatilia deni, basi.

Desemba 2024 wigo uliongezwa. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ya mwaka huo ilileta chini ya CBK wakopeshaji wengine wasiopokea amana, wakiwamo wanaouza bidhaa kwa mkopo wa kulipa kidogokidogo. Hili linamgusa mfanyabiashara aliyechukua simu, pikipiki au friji ya dukani kwa malipo ya kila siku.

Wenye mikopo mikubwa ya benki nao wana jambo la kufuatilia. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya, ambayo ni ngazi ya mwisho ya rufaa, iliamua kwamba benki lazima ipate idhini ya waziri wa fedha kabla ya kupandisha viwango vya riba na ada zake. Baada ya hapo CBK ilirekebisha mfumo wa kupanga bei za mikopo. Kuanzia 1 Desemba 2025, mikopo mipya yenye riba inayobadilika inapimwa kwa kigezo kimoja cha soko, juu yake benki ikiweka nyongeza kulingana na hatari ya mteja. Mkopaji ana haki ya kuuliza: nyongeza yangu ni kiasi gani, na kwa nini?

Tanzania: Vita dhidi ya kausha damu

Tanzania jina la tatizo linajulikana hadi sokoni: kausha damu, wengine wakisema mikopo umiza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni taasisi zinazopokea amana, la pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, la tatu ni Saccos, na la nne ni vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa.

Wengi wanaokopesha mitaani wanaangukia daraja la pili, na hao riba yao haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kanuni za kumlinda mlaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinawataka watoa huduma wanaosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, BoT, waeleze masharti na gharama kwa uwazi na wawe na utaratibu wa kupokea malalamiko.

Mwaka 2024 BoT ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijiti wa daraja la pili. Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni na kuwataka wananchi wasijihusishe nayo. Tangazo hilo lina somo kwa anayevuka mpaka: programu kupatikana kwenye simu, au kuwa na matangazo mazuri mtandaoni, si ushahidi wa leseni.

Jambo jingine linalowagusa wageni wanaonunua Kariakoo au kupanga ghala Arusha ni kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza 28 Machi 2025. Bei za bidhaa na huduma ndani ya Tanzania hazitakiwi kutangazwa wala kudaiwa kwa fedha za kigeni, na ni kosa kukataa shilingi ya Tanzania. Mfanyabiashara kutoka Kenya au Kongo anayeambiwa bei kwa dola, halafu akapewa kiwango cha kubadilishia alichojipangia muuzaji, sasa ana pa kusimamia. Abadilishe fedha yake benki au kwenye duka lenye leseni, achukue risiti, alipe kwa shilingi.

Uganda na Rwanda

Uganda wakopeshaji wasio benki wapo chini ya sheria ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji binafsi ya mwaka 2016, inayosimamiwa na mamlaka iitwayo UMRA. Leseni ya mkopeshaji huhuishwa kila mwaka, hivyo cheti cha zamani kilichotundikwa ukutani hakitoshi. Riba ya wakopeshaji hao imewekewa ukomo wa asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani 33.6 kwa mwaka.

Fedha za simu nchini humo zina sheria yake, ya mifumo ya malipo ya mwaka 2020, iliyoziweka kampuni za huduma hiyo chini ya Benki Kuu ya Uganda.

Rwanda ilichagua njia ya sheria moja. Sheria namba 017/2021 ya Machi 2021 inahusu moja kwa moja ulinzi wa mteja wa huduma za fedha. Inashughulikia uwazi wa taarifa anazopewa mteja, usiri wa taarifa zake na haki yake ya kusikilizwa anapolalamika.

Pale sheria inapoishia

Ukizitazama kanuni hizi pamoja, zinafanana sana. Zote zinataka leseni, uwazi wa gharama, staha katika kudai na dawati la malalamiko. Kasoro ni kwamba kila moja inasimama peke yake.

Chukua mfano wa mama anayeuza nguo Busia upande wa Uganda, aliyekopa kwa laini ya Kenya iliyosajiliwa kwa jina la shemeji yake. Mkopeshaji akikosea hesabu, ofisi ya Uganda haina la kumfanyia kwa sababu mkopeshaji si wake. Ofisi ya Kenya itauliza mteja ni nani, na kwa mujibu wa kumbukumbu mteja ni shemeji. Mama amelipa deni miezi yote, lakini kwenye karatasi hayupo.

Kumbukumbu za mikopo nazo huhifadhiwa kwa kila nchi. Aliyelipa vizuri Kampala kwa miaka mitano akienda kuomba mtaji Mwanza huanza kama mtu asiyejulikana. Historia yake nzuri, ambayo ni mali kwa mfanyabiashara asiye na hati ya nyumba, haivuki Ziwa Victoria.

Akiba pia ina mipaka yake. Benki ikifilisika, bima ya amana hulipa hadi Sh500,000 za Kenya kwa mteja nchini Kenya, Sh7.5 milioni za Tanzania nchini Tanzania na Sh10 milioni za Uganda nchini Uganda. Kilichozidi hapo husubiri ufilisi umalizike. Anayeweka mtaji wote wa msimu kwenye benki moja anapaswa kuijua namba ya nchi hiyo.

Fedha zilizo kwenye pochi ya simu zinalindwa kwa namna tofauti. Kenya, Tanzania na Uganda zote zinaitaka kampuni iweke benki, katika akaunti ya udhamini, kiasi kinacholingana na salio la wateja wake wote, na isikiguse kwa shughuli zake. Ulinzi huo unahusu salio lililopo. Hauhusu fedha aliyoituma mteja mwenyewe kwa tapeli.

Mashariki mwa Kongo wameonja upande mchungu zaidi. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na benki za mji huo kufunga milango, wenye akaunti walilazimika kuvuka hadi Gisenyi, Rwanda, kutafuta fedha zao. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2022, lakini uanachama huo haukumpa mteja wa Goma dirisha la kuchukulia akiba yake nchi jirani kwa haki. Alitegemea kile ambacho benki yake na mawakala wangeweza.

Sehemu moja ambako ulinzi unavuka

Ipo sheria moja inayomfikia hata aliye ng'ambo: sheria ya taarifa binafsi. Kenya na Uganda zilitunga zao mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022.

Sheria ya Kenya inambana anayechakata taarifa akiwa Kenya, bila kujali taarifa hizo ni za nani. Maana yake, Mtanzania ambaye hajawahi kukopa hata senti, lakini namba yake ilichotwa kwenye simu ya mteja wake wa Nairobi na sasa anapigiwa kudaiwa deni la mtu mwingine, anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Kulinda Data wa Kenya. Sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizika ndani ya siku 90.

Ofisi hiyo imeshaonyesha kwamba haitanii. Septemba 2023 iliitoza kampuni moja yenye programu mbili za mikopo faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma ujumbe wa vitisho na kupiga simu. Tanzania kazi hiyo iko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Uganda ipo ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi.

Hesabu kabla ya kubonyeza "kubali"

Sheria humsaidia zaidi anayejua kupiga hesabu. Asilimia 3.5 kwa mwezi juu ya Sh1 milioni ya Tanzania ni Sh35,000. Kwa Uganda, asilimia 2.8 juu ya Sh1 milioni ya huko ni Sh28,000. Hizo ndizo namba za kupimia chochote mkopeshaji asiye benki anachokitaja katika nchi hizo.

Ujanja mara nyingi hauko kwenye riba inayotamkwa. Mkopo wa Sh100,000 unaorejeshwa Sh4,000 kila siku kwa siku 30 unaonekana una riba ya asilimia 20, kwani jumla ni Sh120,000. Lakini mkopaji hakukaa na Sh100,000 mwezi mzima. Alianza kurudisha kesho yake, hivyo kwa wastani alikuwa na karibu nusu tu ya fedha hiyo mkononi. Sh20,000 juu ya wastani wa Sh50,000 ni kama asilimia 40 kwa mwezi.

Mfano wa pili ni ada inayokatwa mwanzoni. Mtu anaomba Sh10,000, anapokea Sh9,000, na baada ya siku saba anatakiwa kurudisha Sh10,000. Wanaiita ada ya huduma. Kwa mfukoni ni zaidi ya asilimia 11 kwa wiki moja. Akiuhuisha mkopo huo mara tatu, mwezi unakatika ametoa Sh4,000 kwa ajili ya kutumia Sh9,000.

Kwa hiyo maswali ni matatu. Napokea kiasi gani mkononi? Narudisha jumla kiasi gani? Kwa siku ngapi? Mkopeshaji mwenye leseni anatakiwa kuyajibu kabla ya mkataba, si baada.

Hatua za kuchukua

Kabla ya kukopa, tafuta jina la kampuni, si jina la programu, kwenye orodha ya wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya msimamizi: CBK kwa Kenya, BoT kwa Tanzania, UMRA kwa wakopeshaji wa Uganda. Programu moja inaweza kuwa na jina la kuvutia na kampuni isiyo na kibali nyuma yake.

Laini unayofanyia biashara iwe kwa jina lako. Laini ya kuazima hukunyima haki ya kulalamika, ya kurudishiwa fedha uliyotuma kimakosa na ya kujenga historia ya ulipaji.

Usiache kadi ya benki wala namba ya siri kama dhamana. Anayevitaka hivyo anataka kujilipa mwenyewe.

Kabla ya kuruhusu programu isome majina yaliyo kwenye simu, kataa. Mkopeshaji anahitaji kukujua wewe, si wateja wako wa Kigoma na Bujumbura.

Tunza ujumbe wote, risiti na picha za skrini. Ukisafiri na kubadili laini, hifadhi kumbukumbu hizo mahali pengine.

Tatizo likitokea, anza na mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, na uombe namba ya lalamiko. Asipojibu au ukiona hukutendewa haki, nenda kwa msimamizi wa nchi iliyotoa leseni. BoT inapokea malalamiko pia kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa Sema na BoT. Matusi, vitisho na kuaibishwa mbele ya watu ni lalamiko la pili linalojitegemea, na hilo huenda kwa ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi.

Kwa malipo makubwa, benki za nchi wanachama zilizojiunga zinaweza kutumia Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, uliounganisha benki kuu tangu 2013 na unaoruhusu kulipa kwa sarafu za ukanda huu bila kupitia dola. Huacha kumbukumbu benki pande zote mbili, jambo ambalo mbadilisha fedha wa kusimama kizuizini hawezi kulitoa.

Kazi iliyobaki

Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Kampala mwezi Novemba 2013, na wafanyabiashara wamekuwa wakiisubiri sarafu moja tangu hapo. Lakini mambo mawili hayahitaji kuisubiri sarafu hiyo. La kwanza ni wasimamizi kukubali kupokeana malalamiko, ili anayelalamikia mkopeshaji wa Kenya aweze kuanzia dawati la Mutukula au Holili na faili likasafiri lenyewe. La pili ni mkopaji mwenye rekodi safi kuruhusiwa kwenda nayo nchi jirani.

Madawati ya taarifa kwa wafanyabiashara wadogo yapo kwenye vituo kadhaa vya mpakani na yanasaidia kwa cheti cha asili na ushuru. Orodha za wakopeshaji wenye leseni kutoka pande zote mbili zingebandikwa hapo, kwa Kiswahili, zingeokoa mitaji mingi kabla malalamiko hayajahitajika.